Jinsi ya Kuchagua Nyimbo za Mazoezi ya Karaoke kwa Wanawake: Mwongozo Kamili

Mwanamke anayetaka kuimba vizuri zaidi kwenye karaoke kwa kawaida huanza na wimbo anaoupenda kuliko nyimbo zote, na mara nyingi wimbo huo ni ule uliotengenezwa kuonyesha uwezo wote wa koo la mtu mwingine. Ndiyo maana katika kumbi za Dar es Salaam na Nairobi hukosi kumsikia mtu akianza "I Will Always Love You" kwa utulivu wa kupendeza, kisha akafika mwisho akiwa anapiga kelele tu. Sauti yake haina ubaya wowote. Whitney Houston aliurekodi wimbo huo mwaka 1992 ukianza bila ala yoyote, kwa hiyo mwimbaji hana cha kumshikilia, na karibu na mwisho, baada ya pigo moja zito la ngoma, wimbo wote unapandishwa toni nzima. Toleo la Dolly Parton, aliyeutunga na kuutoa mwaka 1974, halina mpando huo, na ubeti wake wa mwisho unasemwa badala ya kuimbwa. Wimbo ni uleule, lakini toleo moja linafaa kujifunzia na jingine ni mtihani.

Mwongozo huu unahusu tofauti hiyo. Wimbo wa mazoezi huchaguliwa kwa sababu unafundisha sauti yako jambo fulani, hata kama hutauimba kamwe mbele ya watu. Wimbo wa jukwaani huchaguliwa kwa sababu tayari unauweza. Anayechanganya mambo hayo mawili hufanya mazoezi jukwaani na kujionyesha chumbani.

Hatua ya kwanza: Pima sauti yako

Pakua programu yoyote ya bure ya kinanda kwenye simu, na ukiweza, programu ya kupima nota kama zile wanazotumia wapiga gitaa kukaza nyuzi. Usipime asubuhi mara baada ya kuamka, kwa kuwa wakati huo sauti huwa nzito na itakudanganya kuhusu nota za chini. Subiri mchana au jioni, vumisha sauti kwa midomo iliyofungwa kwa dakika chache, kisha uanze.

Tafuta C4, yaani do ya katikati ya kinanda (herufi ni jina la nota, na namba ni oktava yake, yaani kundi la nota kutoka C moja hadi kabla ya C inayofuata), na uimbe "a" kwa sauti ya kawaida, sauti ile unayoitumia kumwita mtu aliye ng'ambo ya barabara. Shuka nota mojamoja mpaka sauti igeuke kuwa pumzi tupu. Nota iliyotangulia hapo ndiyo ya chini kabisa unayoweza kuitegemea. Rudi C4 na upande. Utafika mahali ambapo shingo inaanza kukaza, kidevu kinanyanyuka, na sauti inataka kukatika au kurukia sauti nyembamba. Andika nota hiyo, kwa sababu hiyo ndiyo muhimu kuliko zote: ndiyo mpaka wa sauti ya kifua, ile ya kawaida uliyoanza nayo. Mwisho, endelea juu kwa sauti nyembamba, ile ya kichwa, na uandike nota ya mwisho inayotoka bila kujikamua.

Wanawake wengi wasiofundishwa kuimba hujikuta wakiwa huru kuanzia karibu na A3 hadi karibu na C5, na sauti yao ya kifua huanza kulalamika mahali fulani kati ya A4 na C5. Usihuzunike ukiwa chini ya hapo. Bi Kidude wa Zanzibar, aliyefariki mwaka 2013, aliimba kwa sauti nzito iliyokwaruza, na hakuna aliyemwambia apandishe.

Tahadhari moja kwa waliolelewa kwenye kwaya. Kuwekwa kwenye soprano (sauti ya kwanza, ya juu) utotoni hakuthibitishi kwamba wewe ni soprano. Katika kwaya nyingi sauti ya kwanza ndiyo yenye lahani, yaani tuni kuu ya wimbo, inayojulikana, kwa hiyo mwalimu humpeleka huko yeyote anayeanza, na alto hubaki kwa wale wachache wanaoweza kushika sauti ya pili bila kuvutwa na wenzao. Nimewasikia wanawake wengi wanaojiita soprano ambao vifua vyao vinasema alto waziwazi. Amini kinanda.

Hatua ya pili: Tazama wimbo unakaa wapi

Watu huuliza, "Nota ya juu kabisa ya wimbo huu ni ipi?" Swali hilo ni zuri lakini halitoshi. Nota ya juu inayoguswa mara moja, kwa silabi fupi, inavumilika. Kinachochosha koo ni mahali ambapo maneno mengi ya wimbo yanakaa. Kiitikio kinachozunguka juu ya A4 kwa mistari minne mfululizo, na kurudiwa mara tatu, ni kigumu kuliko kiitikio kinachogusa C5 mara moja na kushuka.

Basi chukua wimbo unaoufikiria, sikiliza kiitikio, na utafute kwenye kinanda nota tatu tu: ya chini kabisa katika ubeti wa kwanza, ya juu kabisa katika kiitikio, na ile ambayo kiitikio kinairudia mara nyingi. Linganisha na ulizoandika. Ikiwa nota inayorudiwa iko chini ya mpaka wako wa kifua kwa angalau nusu toni 2 (nusu toni ni kutoka kitufe kimoja cha kinanda hadi kinachofuata, vyeusi vikiwemo), wimbo huo unakufaa kwa mazoezi. Ikiwa iko juu ya mpaka, wimbo huo utakufundisha kujikamua tu, na mazoea ya kujikamua ni magumu kuyaacha.

Kuna jambo lingine ambalo wasemaji wa Kiswahili tunalo bila kulitambua. Silabi zetu karibu zote huishia kwa irabu, kwa hiyo nota ndefu katika wimbo wa Kiswahili huwa na mahali pa kukaa. Hata hivyo irabu hazilingani. "A" hufungua mdomo na kuipa sauti nafasi, wakati "i" na "u" katika nota ya juu hubana koo la mtu asiye na mazoezi. Unapochunguza wimbo, angalia nota ndefu ya juu imeangukia irabu gani. Nyimbo mbili zenye nota zilezile zinaweza kutofautiana sana kwa ugumu kwa sababu hiyo tu. Katika nyimbo za Kiingereza tatizo huwa konsonanti za mwisho: wengi wetu huzifunga mapema na kuua nota kabla ya wakati wake, ilhali mwimbaji mzoefu hukaa kwenye irabu hadi sekunde ya mwisho ndipo aifunge.

Hatua ya tatu: Badilisha ufunguo bila aibu

Mashine ya karaoke iliyokamilika ina kitufe cha kupandisha na kushusha ufunguo, yaani kimo ambacho wimbo wote unaimbiwa, na kila hatua yake kwa kawaida ni nusu toni moja. Unapotumia video za intaneti nyumbani, zipo programu za simu zinazofanya kazi hiyohiyo, na programu nyingi za ma-DJ zinaweza pia. Sioni kifaa kinachomsaidia mwimbaji kuliko hiki, wala kinachopuuzwa kuliko hiki. Waimbaji wakubwa wenyewe hushusha nyimbo zao kwenye matamasha kadiri miaka inavyosonga. Hakuna sababu ya mwimbaji wa Ijumaa jioni kujinyima.

Hesabu ni rahisi. Tuseme mpaka wako ni A4 na kiitikio kinafika C5. Kutoka A hadi C ni nusu toni 3, kwa hiyo shusha 3. Kisha rudi kwenye ubeti: ikiwa nota yake ya chini ilikuwa A3, sasa imekuwa F♯3. Je, unaifikia? Kama hapana, wimbo huo una upana unaozidi sauti yako kwa sasa, na hakuna kitufe kitakachoutibu. Shusha 2, uvumilie kidogo juu na kidogo chini, au uweke kiporo kwa miezi michache. Zaidi ya nusu toni 4 au 5 kila upande, ala nazo huanza kusikika za ajabu, hasa gitaa na ngoma katika vifaa vya bei nafuu.

Nyimbo za wanaume zinahitaji maelezo yake, kwa sababu wanawake wengi huzipenda na hushindwa wasijue kwa nini. Mwanamume mwenye sauti nzito, kama Jim Reeves ambaye bado anachezwa sana Kenya zaidi ya miaka 60 baada ya kifo chake, huimba chini kiasi kwamba mwanamke akiimba oktava moja juu yake hujikuta katikati ya sauti yake mwenyewe, bila kubadilisha chochote. Tabu iko kwa teno, yaani sauti ya juu ya kiume, na wanaume wengi wa Bongo Fleva na wa muziki mpya wa Nairobi ni teno au huimba kama teno. Ukiimba walipoimba wao, beti zinazama chini na hazisikiki. Ukipanda oktava nzima, kiitikio kinakuwa mayowe. Dawa ni kubaki kwenye oktava yao na kupandisha ufunguo nusu toni 3 hadi 5. Jaribu 4 kwanza, kisha ongeza au punguza.

Hatua ya nne: Kusanya nyimbo chache, kila moja na kazi yake

Usifanye mazoezi na nyimbo ishirini. Nne au tano zinatosha kwa msimu mzima, mradi kila moja ina kazi unayoweza kuitaja kwa sentensi moja.

Wa kwanza uwe wimbo wa kushika lahani, wenye eneo dogo na marudio mengi. Pambio za kanisani ni bora kwa kazi hii: ni fupi, unazijua tangu utoto, na zinaweza kuimbwa bila ala, hivyo utagundua mara moja kama umetoka nje ya ufunguo. Waliosoma madrasa watapata faida hiyohiyo kwenye kasida, pamoja na zoezi zuri la kuvuta irabu. Hizi ni za kuimbia nyumbani, si za kupelekwa baa. Sidhani kama hilo linahitaji kuelezwa zaidi. Asiyetaka za dini anaweza kutumia "Jambo Bwana" ya Them Mushrooms ya mwaka 1982, ambayo haimwombi mwimbaji kupanda sana.

Wa pili uwe wa pumzi. Hapa sijaona unaoizidi "Malaika", uliorekodiwa na Fadhili William na baadaye Miriam Makeba na wengine wengi. Mwendo wake ni wa polepole na mistari yake ni mirefu, kwa hiyo unafichua kila mahali unapovuta hewa kwa pupa. Chukua penseli, andika maneno yake, na uweke alama mahali utakapopumua. Kisha fuata alama hizo kila mara, hata siku unapojisikia una pumzi za kutosha. Baada ya muda jaribu kufuta alama moja. Sikiliza pia jinsi Makeba anavyoacha maneno yatulie. Mwanamke anayeiga upole wake badala ya upana wa sauti yake atajifunza mengi.

Wa tatu uwe wa sauti ya kifua na ya katikati, na huu ndio unaowafaa zaidi wenye sauti nzito, ambao karaoke mara nyingi huwaonea kwa kuwapa orodha iliyojaa soprano. "Fast Car" ya Tracy Chapman, ya mwaka 1988, imekaa chini na inahitaji matamshi safi kwa kuwa beti zake zimejaa maneno. "Smooth Operator" ya Sade, ya mwaka 1984, inafundisha kuimba kwa nguvu ndogo bila kupoteza nota, jambo gumu kuliko kupaza sauti. Kwa Kiswahili, nyimbo nyingi za Lady Jaydee hukaa katikati ya sauti ya mwanamke wa kawaida na hazitegemei mapambo mengi, kwa hiyo ukikosea utajua umekosea.

Wa nne uwe wa mapambo, yaani ile mizunguko midogo ya sauti juu ya silabi moja. Hapa tuna chuo chetu wenyewe, nacho ni taarabu. Chagua mstari mmoja tu wa Khadija Kopa, upunguze kasi, na uhesabu ni nota ngapi anazipitisha kwenye irabu moja. Kisha sikiliza binti yake, Zuchu, aliyejulikana kwa umma mwaka 2020 akiwa na WCB Wasafi, na utasikia mapambo ya pwani yakiwa yamehamia kwenye biti za kisasa. Kwa mazoezi ninashauri uanze na mama kabla ya binti, kwa sababu katika taarabu ya moja kwa moja unasikia koo lenyewe, wakati katika rekodi za Bongo Fleva sauti huwa imewekwa mara mbili au tatu, imenyooshwa kwa kompyuta, na kuzungukwa na waitikiaji. Usijilinganishe na rekodi ya namna hiyo. Hata mwenyewe akiimba mbele yako bila mitambo hatasikika hivyo. Wimbo kamili wa taarabu, hata hivyo, haufai karaoke. Una vipande virefu vya ala, na hakuna anayejua afanye nini na mikono yake wakati vinanda vinajibizana.

Wa tano, ukitaka, uwe wa ndoto: ule ulio juu kidogo ya uwezo wako. Uufanyie kazi mwishoni mwa mazoezi, kwa ufunguo ulioshushwa, na uupandishe nusu toni moja tu pale unapoweza kuuimba mara tatu mfululizo bila shingo kukaza. Epuka kwa sasa nyimbo zinazobadilisha ufunguo njiani. "My Heart Will Go On" ya Celine Dion huruka juu katika kiitikio cha mwisho, na "Love on Top" ya Beyoncé, ya mwaka 2011, hupanda mara nne, kila mara ukidhani umemaliza. Ukiupima wimbo kwa kiitikio chake cha kwanza tu, utanaswa. Sikiliza mpaka mwisho.

Hatua ya tano: Fanya mazoezi kwa mpangilio

Dakika 20 hadi 30 kwa siku, siku nne au tano kwa wiki, zinazidi saa tatu za Jumamosi. Anza kwa kuvumisha, au kwa kuimba lahani kupitia mrija wa soda huku midomo imeubana. Zoezi la mrija hutumiwa pia na wataalamu wa tiba ya sauti kwa kuwa hupunguza mgongano wa nyuzi za sauti. Kisha imba wimbo kwa "la" au "na" bila maneno mpaka lahani ikae, ndipo urudishe maneno.

Usiuimbe wimbo wote kuanzia mwanzo kila mara. Wengi wanaujua ubeti wa kwanza vizuri ajabu na kuubabaisha wa pili, kwa sababu tu wanaanza mwanzo kila wanapokosea. Anza na mstari mgumu kuliko yote. YouTube inakuruhusu kupunguza kasi hadi 0.75 bila kubadilisha ufunguo. Tumia kasi hiyo mpaka mstari utoke bila kufikiri.

Jirekodi kwa simu ukiwa umezima mwangwi. Mwangwi wa mashine ya karaoke ni kama unga usoni: unaficha mikunjo, lakini haukuondolei. Sikiliza rekodi siku inayofuata, masikio yakiwa mapya, na ujiulize mambo matatu tu: je, nota ndefu zinashuka mwishoni, je, maneno yanasikika, na je, naingia kwa wakati? Mabadiliko ya rangi kwenye skrini si kiongozi wa kutegemewa wa kuingia. Hesabu mapigo ya utangulizi mpaka uyajue bila kutazama.

Hatua ya sita: Sikiliza mwili

Sauti ya mwanamke haiko vilevile mwezi mzima. Siku za karibu na hedhi baadhi ya wanawake huona nota za juu zimekuwa nzito au sauti inakwaruza kidogo, kwa sababu nyuzi za sauti zinaweza kuvimba kidogo. Ujauzito hupunguza nafasi ya pumzi. Baada ya kukoma hedhi sauti ya wengi hushuka, na nyimbo walizoimba wakiwa na miaka 30 zinahitaji ufunguo mpya. Kwa hiyo weka funguo mbili kwa kila wimbo, wa siku nzuri na wa siku nzito, na uziandike zote.

Kunywa maji mapema mchana badala ya kuyafakamia dakika ya mwisho, na usijaribu kuzungumza kwa sauti kubwa juu ya muziki wa ukumbi kabla ya zamu yako. Kelele hizo za mezani huharibu sauti kuliko kuimba kwenyewe. Koo likiuma, acha. Sauti ikikwaruza kwa zaidi ya wiki 3, muone daktari wa masikio, pua na koo, kwa kuwa vinundu kwenye nyuzi za sauti havitibiwi kwa tangawizi na asali.

Hatua ya saba: Kutoka mazoezini kwenda jukwaani

Wimbo uko tayari kupandishwa jukwaani ukiweza kuuimba ukiwa umesimama, bila kusoma maneno, na huku ukifanya kazi nyingine kama kukunja nguo. Kwa usiku wa kwanza chagua ule wa kazi ya tatu, wa katikati ya sauti, na ikiwezekana usizidi dakika nne. Wimbo wa wawili kama "Islands in the Stream" wa Kenny Rogers na Dolly Parton hupunguza woga, mradi mwenzako naye ameshaupima ufunguo.

Katika simu yako weka orodha fupi: jina la wimbo, toleo la mwimbaji gani, na idadi ya nusu toni za kushusha au kupandisha. Fika mapema, muonyeshe DJ mstari husika na umuulize kama mtambo wake unaweza kubadilisha ufunguo. Akisema hauwezi, chagua kutoka kwenye orodha wimbo ulioandikiwa sifuri. Ukishika maikrofoni, ishike mpini na si kichwa chake, kwa kuwa ukikifunika kwa kiganja sauti inakuwa ya ndani ya debe na spika zinaweza kupiga mlio. Iweke umbali wa vidole vitatu au vinne kutoka mdomoni, isogeze mbali kidogo kwenye nota za nguvu, na mwombe DJ apunguze mwangwi mpaka uweze kuyasikia maneno yako mwenyewe.